Upara wa Androjeni na Urithi

Upara wa androjeni na urithi ni hali ya nywele za kichwani kupungua polepole, kwa mpangilio unaotambulika, kwa mtu ambaye vinyweleo vyake vimerithi wepesi wa kuitikia homoni za kundi la androjeni. Maarufu kuliko zote katika kundi hilo ni testosteroni. Hali hii humpata yeyote mwenye urithi huo, mwanamume au mwanamke. Hata hivyo, kuna watu ambao huiwazia kabla hata unywele mmoja haujaanguka, nao ni wanaume transi, yaani wale waliosajiliwa kuwa wasichana walipozaliwa ilhali wao ni wanaume. Wengi wao hutumia testosteroni ili mwili ufanane na nafsi. Dawa ile ile inayoleta ndevu na sauti nzito inaweza pia kupunguza nywele za kichwani. Hofu hiyo ina msingi, na anayeiuliza anastahili jibu kamili, si kuambiwa kwamba anahangaikia urembo.

Jina la kimataifa la hali hii, androgenetic alopecia, limeundwa kwa Kigiriki. Sehemu yake ya mwisho, alopekia, inatokana na neno lenye maana ya mbweha, kwa kuwa Wagiriki wa kale walifananisha kichwa kilichopoteza nywele na mbweha aliyenyonyoka manyoya kwa ugonjwa wa ngozi. Matabibu walioandika kwa Kiarabu nao waliuita upara wa mabaka ugonjwa wa mbweha. Sehemu ya mwanzo ndiyo yenye uzito wa kisayansi, maana imebeba mambo mawili kwa pamoja: homoni za androjeni na jeni za kurithi. Tafsiri inayoangusha moja kati ya hayo mawili huwa imeangusha nusu ya maana.

Kiswahili hakikosi maneno ya jambo hili. Lipo upara, lipo kipara, lipo upaa ambalo pia hutaja utosi, na lipo uwaraza, yaani upara unaoanzia mbele ya kichwa. Uwaraza linafaa kurudishwa katika matumizi ya kitabibu, kwa sababu nywele kurudi nyuma kwenye pembe za paji la uso ndiyo dalili ya kwanza kwa wanaume wengi. Ugumu uko kwenye kivumishi kinachofuata. “Upara wa kiume” ni jepesi kutamka lakini linapotosha, kwani wanawake pia hupata hali hii, ingawa kwao nywele hupungua zaidi katikati ya kichwa na mstari wa mbele hubaki. “Upara wa kurithi” husahau homoni. “Upara wa homoni” husahau ukoo, na humfanya anayechoma sindano za testosteroni aamini kwamba dawa peke yake ndiyo mkosaji. Upara wa androjeni na urithi ni jina refu kidogo, lakini ndilo linalosema kweli yote.

Kwamba mambo yote mawili yanahitajika si nadharia tupu. Tangu enzi za Hipokrati iliandikwa kwamba matowashi hawapati upara. Mwaka 1942 mwanaanatomia wa Marekani, James B. Hamilton, alichapisha uchunguzi wake kuhusu wanaume ambao korodani zao hazikuwahi kukomaa au ziliondolewa. Waliokosa androjeni tangu ujana walibaki na nywele zao. Walipopewa testosteroni, wale waliotoka katika koo zenye upara walianza kupoteza nywele, na wale wa koo zisizo na upara hawakuzipoteza. Hamilton ndiye pia aliyechora hatua za upara wa wanaume mwaka 1951; O'Tar Norwood alizirekebisha mwaka 1975, na hadi leo madaktari husoma kichwa cha mgonjwa kwa ngazi saba zinazobeba majina ya wawili hao.

Hatua iliyofuata ilitoka Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za familia za kijiji cha Salinas ambazo baadhi ya watoto wao wa kiume walizaliwa na viungo vilivyofanana na vya kike, kisha miili ikageuka wakati wa kubalehe. Watu hao walikuwa na testosteroni ya kutosha, ila walipungukiwa na kimeng'enya kimoja, reduktesi ya alfa-5, kinachoigeuza testosteroni kuwa dihidrotestosteroni, kwa kifupi DHT. Walipokuwa watu wazima ndevu zao zilikuwa haba, na nywele zao za mbele hazikurudi nyuma. Hapo ikabainika kwamba mtendaji mkuu kichwani ni DHT.

DHT hushikamana na kipokezi cha androjeni kwa nguvu kuliko testosteroni yenyewe. Kwa kawaida unywele wa kichwani hukua kwa miaka 2 hadi 6, ukapumzika kwa miezi kama 3, kisha ukaanguka ili mwingine uchipue mahali pake. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Katika kinyweleo chenye urithi wa upara, DHT hufupisha kipindi cha kukua. Kila mzunguko huleta unywele mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka mwishowe hubaki laika tu, kama malaika yaliyo mkononi mwa mtoto. Kitendo hicho kinafaa kuitwa kunywea kwa kinyweleo. Jina hilo lina faida kubwa: linamwonyesha msomaji kwamba kwa muda mrefu kinyweleo bado kipo, ila kimedhoofika, na kwamba matibabu ya mapema yana kitu cha kuokoa.

Kidevuni homoni hiyo hiyo hufanya kinyume chake: hukamata malaika na kuyageuza kuwa ndevu. Tofauti haimo kwenye homoni bali kwenye kinyweleo na maelekezo kiliyorithi. Mwanamume transi anayetazama kioo na kuona ndevu zikijaa huku pembe za paji zikirudi nyuma anaona kazi mbili za kitu kimoja.

Suala la urithi lina sura ya pekee kwake. Jeni ya kipokezi cha androjeni iko kwenye kromosomu ya X. Mwanamume mwenye X na Y hupata X yake kwa mama peke yake, na hapo ndipo ilipoanzia kauli kwamba upara hutoka kwa wajomba. Mwanamume transi kwa kawaida ana X mbili, moja ya mama na moja ya baba, kwa hiyo hata kwa jeni hiyo moja hawezi kuuacha upande wa baba. Isitoshe, jeni nyingine nyingi zinazochangia upara ziko kwenye kromosomu nyingine kabisa. Anayetaka kukisia hatima ya nywele zake awatazame wajomba, baba, baba wakubwa na wadogo, babu wa pande zote mbili, na kaka zake. Hata hivyo, kukisia si kujua: ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana sana.

Kuhusu muda, mwongozo wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, wa mwaka 2017 unaweka mwanzo wa kupungua kwa nywele za kichwani kati ya miezi 6 na 12 baada ya kuanza testosteroni, bila kutaja kikomo maalumu. Louis Gooren na Erik Giltay wa Amsterdam, jiji lenye kliniki ya miaka mingi ya watu transi, walieleza katika mapitio yao ya mwaka 2008 kwamba nywele kupungua huenda sambamba na urefu wa muda wa matumizi, na kwamba takriban nusu ya wanaume transi huwa na hali hiyo baada ya miaka 13 hivi. Hivyo basi wengi wa wanaoogopa kupata upara katika mwaka wa kwanza huogopa mapema mno, na wengine hawatauona kabisa. Kupunguza dozi ili kulinda nywele nako si suluhisho lenye msingi: kiwango cha testosteroni kikiwa ndani ya mipaka ya kawaida ya wanaume, kinachoamua ni wepesi wa kinyweleo kuitikia, si miligramu zilizoongezwa au kupunguzwa.

Si kila unywele unaoanguka ni wa hali hii, na hapa vitenzi vya Kiswahili humsaidia daktari kuliko vipimo vingi. Nywele zinazokatika huvunjika katikati ya uzi, mara nyingi kwa dawa za kulainisha nywele au joto. Nywele zinazonyonyoka hutoka na shina lake. Nywele zinazopukutika kwa wingi kichwa kizima, miezi 2 au 3 baada ya homa kali, kupungua uzito ghafla au upasuaji, kwa kawaida hurudi zenyewe. Mwanamume transi aliyefanyiwa upasuaji wa kifua anaweza kupitia kipindi hicho na kudhani sindano ndiyo iliyomdhuru. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo navyo hupukutisha nywele. Upara wa androjeni na urithi hauna pupa hiyo. Huja kimya, kwa mpangilio, mtu akagundua kwa picha ya zamani.

Afrika Mashariki kuna kisababishi kingine kisichopaswa kusahaulika: kusuka. Msichana aliyesukwa kwa kukazwa tangu utotoni, mara rasta, mara vitunguu, mara nywele za bandia nzito, huweza kupoteza nywele za kingo na za pembe za paji kwa sababu ya kuvutwa. Mwanamume transi aliyelelewa hivyo anaweza kuanza testosteroni akiwa tayari na kingo zilizopungua, kisha lawama yote ikaiangukia dawa. Upara wa kuvutwa ukigunduliwa mapema hupona mara kuvuta kunapokoma. Ukiachwa miaka mingi huacha kovu, na penye kovu hapaoti kitu. Kwa sababu hiyo picha ya paji la uso iliyopigwa kabla ya dozi ya kwanza ina thamani kubwa kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Matibabu yenye ushahidi si mengi. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa walipoota nywele mahali wasipotarajia, ikatengenezwa dawa ya kupaka, nayo ikaidhinishwa Marekani mwaka 1988. Haigusi testosteroni wala DHT, kwa hiyo haipingani na mabadiliko ambayo mwanamume transi anayatafuta. Huhitaji miezi 4 au zaidi kabla ya kuonyesha kitu, mwanzoni huweza kuongeza nywele zinazoanguka kwa wiki kadhaa, na ikiachwa faida yake hupotea. Mwenye paka nyumbani awe mwangalifu, maana dawa hiyo ni sumu kwao hata kwa kiasi kidogo.

Finasteridi inahitaji mazungumzo marefu zaidi. Huzuia kimeng'enya kile kile kilichokosekana kwa watu wa Salinas. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa tezi dume na mwaka 1997, kwa dozi ya miligramu 1, kwa upara wa wanaume. Lakini DHT ndiyo pia inayojenga ndevu na kukuza kinembe kwa mwanamume transi, kwa hiyo madaktari wengi huona afadhali kusubiri mpaka mabadiliko hayo yafike mahali anapoyaridhia. Baadhi ya watumiaji hupungukiwa na hamu ya kujamiiana au huingiwa na huzuni nzito, na wanapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kuanza. La hatari zaidi ni mimba: finasteridi huweza kuharibu ukuaji wa viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume aliye tumboni, na testosteroni, hata ikikomesha hedhi, si dawa ya kupanga uzazi. Mwenye mfuko wa uzazi na ovari anayeweza kushika mimba anahitaji kinga ya uhakika. Spironolaktoni, ambayo wanawake wengine hupewa kwa upara, hupinga androjeni mwilini kote na hivyo haimfai.

Kuacha testosteroni huweza kusimamisha mwendo wa upara, lakini vinyweleo vilivyokwisha kunywea kabisa havirudi vyote, hedhi huweza kurejea, na baadhi ya mabadiliko yaliyosubiriwa kwa miaka huanza kupotea. Uamuzi huo ni wa mtu mwenyewe, ila asisukumwe kuufikia kwa kukosa habari za njia nyingine. Wapo wanaume transi wanaoupokea uwaraza kwa furaha, kwa sababu unawafanya wafanane na baba zao na watambuliwe barabarani bila maswali. Wapo wanaoumia, kwa sababu wamekaa muda mrefu wakisubiri sura yao na hawakutaka kuipoteza mara walipoipata. Wote wana haki ya kusikilizwa.

Anayemwona daktari wa ngozi kwa ajili ya nywele aseme wazi kwamba anatumia testosteroni, alianza lini, dozi yake ni ipi, alisukwa vipi zamani, na kama ana mfuko wa uzazi. Daktari naye ayaulize hayo kwa heshima na ayatunze kwa siri, kwa sababu mgonjwa anayeogopa kudhalilishwa atayaficha, na bila hayo dawa sahihi haiwezi kuchaguliwa.