MYH7: Jeni ya mtambo wa moyo, na hatari ya herufi moja iliyokosewa

MOYO wa mtu mzima hupiga takriban mara laki moja kwa siku, na kila pigo hutegemea kazi ya protini ndogo mno iitwayo mayosini beta. Maelekezo ya kuitengeneza yamehifadhiwa katika jeni ambayo wanasayansi wameipa jina la MYH7, iliyopo kwenye kromosomu ya 14.

Jeni hiyo ina urefu wa takriban herufi 23,000 za kijenetiki. Ikikosewa herufi moja tu mahali pabaya, kijana mwenye siha njema, ambaye hajawahi kulalamikia hata maumivu ya kichwa, anaweza kuanguka na kufa ghafla.

Mayosini ni miongoni mwa protini-mota, yaani zile zinazogeuza nishati ya kemikali kuwa mwendo. Molekuli yake ina mkia mrefu na vichwa viwili. Mikia hujisokota pamoja na kufanya uzi mnene wenye molekuli zipatazo 300, vichwa vikichomoza pembeni. Sambamba na uzi huo zimelala nyuzi nyembamba za protini nyingine, aktini.

Kazi yenyewe inafanana na ya wavuvi wanaovuta juya ufukweni. Kichwa cha mayosini hushika uzi wa aktini, huuvuta, huuachia, kisha hushika tena mbele kidogo. Kila mvuto hugharimu molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo mafuta ya seli, na hausogezi uzi zaidi ya nanomita 10 hivi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ni wingi wa vichwa vinavyovuta kwa pamoja ndio unaoufanya moyo ujikunje na kusukuma damu.

Kwamba misuli hujikunja kwa nyuzi kuteleza, na si kwa nyuzi zenyewe kufupika, lilikuwa jambo geni hadi mwaka 1954. Mwaka huo makundi mawili ya watafiti, moja la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na jingine la Hugh Huxley na Jean Hanson, yalichapisha hoja hiyo kwa wakati mmoja katika jarida la Nature. Akina Huxley hao hawakuwa ndugu, ingawa wanafunzi wamekuwa wakiwachanganya tangu hapo.

Kando kabisa ya MYH7, kwenye kromosomu hiyo hiyo, kuna jeni pacha iitwayo MYH6. Hiyo hutengeneza mayosini alfa, yenye kasi zaidi lakini yenye kula nishati nyingi. Panya, ambaye moyo wake hupiga takriban mara 600 kwa dakika, huitegemea hiyo ya kasi. Binadamu mzima hutegemea zaidi ile ya MYH7, ya taratibu na isiyo na ubadhirifu, katika vyumba vikubwa vya chini vya moyo. Protini hiyo hiyo hupatikana pia katika misuli ya miguu inayomwezesha mtu kusimama kwa muda mrefu.

Mwaka 1958, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti jijini London, Donald Teare, alieleza habari za vijana kadhaa ambao mioyo yao ilikutwa na kuta nene isivyo kawaida. Ugonjwa huo wa kunenepa kwa misuli ya moyo ulionekana wazi kuwa unafuata ukoo, lakini chanzo chake kilibaki fumbo kwa zaidi ya miaka 30.

Jibu lilitokana na familia moja kubwa yenye asili ya Ufaransa huko Coaticook, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, ambayo madaktari walikuwa wameieleza tangu mwaka 1961. Mwaka 1990, watafiti walioongozwa na Christine na Jonathan Seidman wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walionyesha kuwa wagonjwa wa familia hiyo walikuwa na kosa la herufi moja katika MYH7. Mayosini beta imeundwa kwa asidi amino 1,935 zilizopangwa kwa mfuatano. Katika familia hiyo, ile ya 403 ilikuwa imebadilishwa.

Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa huo kuhusishwa na jeni. Tangu wakati huo zimegunduliwa nyingine kadhaa, lakini MYH7 na ile iitwayo MYBPC3 ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya makosa yanayotambuliwa. Kwa makadirio yanayotumika sana, ugonjwa huu humpata mtu mmoja kati ya 500. Mzazi mwenye nakala moja yenye kosa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto anayezaliwa, wa kike au wa kiume.

Wapenzi wa soka wanaukumbuka ugonjwa huu kwa jina la Marc-Vivien Foé. Kiungo huyo wa Cameroon, akiwa na umri wa miaka 28, alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, Juni 26, 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Uchunguzi wa maiti ulibaini kuwa misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mayosini yenye kosa mara nyingi si dhaifu. Katika moyo wenye afya, sehemu kubwa ya vichwa hukunjwa na kupumzishwa, vikisubiri zamu. Makosa mengi ya MYH7 huviachia vichwa vingi mno kufanya kazi. Moyo hukaza kupita kiasi, haulegei vizuri ili kujaa damu, hula nishati nyingi, na baada ya miaka kuta zake hunenepa na mpangilio wa seli zake kuvurugika. Hapo ndipo mapigo yanapoweza kupotea njia ghafla. Yapo pia makosa mengine katika jeni hiyo hiyo yanayoupanua moyo na kuulegeza, au kudhoofisha misuli ya miguu.

Barani Afrika, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walikuta kosa katika nafasi ile ile ya 403 miongoni mwa familia za nchini humo, ila asidi amino iliyoingia ilikuwa tofauti na ile ya Quebec. Hata hivyo, kumbukumbu nyingi za jeni zinazotumika duniani zimetokana na watu wa asili ya Ulaya, na upungufu huo una madhara. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kuwa baadhi ya Wamarekani weusi waliambiwa wana jeni za ugonjwa huu, kumbe tofauti zilizoonekana katika vipimo vyao ni za kawaida na hazina madhara.

Dawa ya kwanza inayomlenga mayosini mwenyewe, mavacamten, iliidhinishwa Marekani Aprili 2022 kwa watu wazima ambao unene wa moyo umezuia njia ya damu na wenye dalili. Hupunguza idadi ya vichwa vinavyovuta. Ikizidi huudhoofisha moyo, hivyo mgonjwa hulazimika kupimwa mara kwa mara. Bei yake ilipoingia sokoni ilikuwa dola 89,500 kwa mwaka, kiasi ambacho familia nyingi za huku haziwezi hata kukifikiria.

Kupima ni rahisi zaidi. Kipimo cha umeme wa moyo na ultrasaundi ya moyo hutosha kubaini wagonjwa wengi, hata pasipo kipimo cha jeni. Dalili za kutiliwa maanani ni kuzimia wakati wa mazoezi, maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi na kuwapo kwa vifo vya ghafla vya vijana katika ukoo. Mgonjwa mmoja akigundulika, madaktari hushauri wazazi, ndugu na watoto wake wote wapimwe. Mtoto atakayekutwa salama hurudiwa tena baada ya muda, kwa kuwa mara nyingi unene huo huanza kujitokeza wakati wa balehe.