Arubaini ya Mama Mfanyakazi

Ukitoka katikati ya Nairobi, msomaji, ukashika njia ya kuelekea magharibi na kaskazini mpaka ukafika Kitisuru, utaona miti mirefu, kuta za mawe, malango ya chuma na walinzi wake. Asubuhi mapema, kabla magari ya wenye nyumba hayajatoka, barabara za huko huwa ni za wanawake waendao kwa miguu. Wengi wao watoka Kangemi na mitaa mingine ya kodi nafuu, nao waenda kufua, kupika, na hasa kulea watoto wa watu. Katika zama za ukoloni vilima hivyo vilikuwa nchi ya kahawa, na wanawake walivipanda alfajiri vivyo hivyo, ila wao walikwenda kuchuma.

Kati ya wachumaji wale na walezi hawa limekaa swali moja ambalo halijapata jibu la kuridhisha: mwanamke aishiye kwa mshahara akijifungua, nani amlishe siku ambazo hawezi kufanya kazi? Watu wakizungumza juu ya likizo ya uzazi hupenda kuhesabu siku. Mimi nakuomba, tunapoipitia historia yake, uhesabu siku kwa jicho moja, na kwa jicho la pili uangalie fedha zatoka mfuko wa nani.

Kabla ya mshahara kuingia nchini, jibu lilikuwapo. Katika pwani ya Waswahili mzazi hukaa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wenye pilipili manga, hakati kuni wala hateki maji. Kazi zake huzifanya mama yake, dada zake, mashoga na majirani, nao hujua kuwa zamu yao ya kutendewa hivyo itafika au ilikwisha pita. Watu wa bara nao walikuwa na namna zao za kumpumzisha mzazi, ijapokuwa siku zilitofautiana kabila kwa kabila. Basi gharama ya arubaini ilichukuliwa na ukoo, ikalipwa kwa mikono. Sitaki kuzipamba zama hizo kupita kiasi, maana mjane asiye na ndugu alirudi shambani mapema kuliko mke wa mwenye mali. Lakini kanuni ilijulikana na kila mtu. Kazi ya mshahara ndiyo iliyoivunja, tena kwa njia nyepesi sana: ilimtoa mwanamke kwao, ikamlipa kwa siku aliyofanya kazi au kwa debe alilolijaza. Asipojaza debe, hapati kitu.

Hapa natamani usimame nami kidogo katika mwaka 1919, kwa sababu mwaka huo mambo mawili yalitokea karibu wakati mmoja, kila moja bila kulijua la pili.

Tarehe 23 Oktoba 1919 serikali ya Gavana Sir Edward Northey, jijini Nairobi, ilitoa waraka juu ya wafanyakazi. Aliyeutia sahihi alikuwa John Ainsworth, aliyesimamia mambo ya wenyeji. Vita Kuu ilikuwa imekwisha, masetla walitaka watu wa kufanya kazi katika mashamba yao, na waraka uliwataka maofisa na machifu wawahimize watu watoke. Ndani yake mlikuwa na neno linalotuhusu sisi: pale ambapo mashamba yalikuwa karibu na maeneo ya wenyeji, wanawake na watoto nao wahimizwe kwenda kufanya kazi wanazoziweza. Nawe wajua, msomaji, kwamba chifu wa siku zile akiambiwa ahimize, hakuja na maneno matupu. Mashamba ya kahawa ya upande wa Kiambu, yaliyopakana na Nairobi, yalikuwa karibu kabisa na vijiji vya Wakikuyu. Wamisionari wenyewe walilalamika juu ya waraka ule.

Majuma machache baadaye, mwezi wa Novemba 1919, mataifa yalikuwa yamekutana Washington katika mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani. Huko ulipitishwa mkataba juu ya wanawake wazazi. Ulisema kwamba mwanamke afanyaye kazi viwandani au katika biashara asifanye kazi wiki 6 baada ya kujifungua, na kwamba aweza kuacha kazi wiki 6 kabla, daktari akithibitisha kuwa siku zake zimekaribia. Ulisema apewe fedha za kumtosha yeye na mtoto wake, tena zitoke katika hazina ya umma au katika mfuko wa bima. Ulisema pia kwamba akirudi kazini apewe nusu saa mara mbili kwa siku ili amnyonyeshe mwanawe. Tafadhali ikumbuke nusu saa hiyo, maana tutakutana nayo tena.

Lakini mkataba ule haukumfikia mchumaji wa kahawa. Ulitaja viwanda na biashara, ukaliacha shamba. Na Uingereza, iliyokuwa ikiitawala nchi yetu, haikuutia sahihi ya kuukubali. Hivyo katika msimu mmoja wa mwaka, mwanamke mmoja duniani aliandikiwa haki ya kupumzika, na mwenzake wa Kiambu akaandikiwa kuhimizwa.

Haikupita miaka mitatu manung'uniko yakageuka ghasia. Harry Thuku alipokuwa akihutubia watu mwaka 1921 na mwanzo wa 1922, moja ya mambo aliyoyalaumu ni kule kuwatoa wanawake na wasichana kwa nguvu kwenda kufanya kazi. Alikamatwa mwezi Machi 1922. Tarehe 16 umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea mbele ya watu wote, akawaongoza wanawake kuelekea kwenye bunduki, na polisi wakapiga risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema walikuwa zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Vitabu vya historia humkumbuka kwa ushujaa wake, na ni haki yake, lakini mara nyingi husahau kutaja kuwa kazi ya wanawake mashambani ilikuwa sehemu ya ugomvi wenyewe.

Miaka iliyofuata ilikuwa mirefu na haina mengi ya kusimulia. Mchumaji alikwenda shambani na mtoto mgongoni, akamlaza chini ya mti, au akamwacha na dada yake mwenye umri wa miaka saba. Katika miaka ya 1940 na 1950 baadhi ya mashamba makubwa ya kahawa, chai na miwa yalianza kuweka mahali pa kuwatunza watoto wadogo wazazi wawapo kazini. Yalifanya hivyo kwa huruma kiasi, na kwa hesabu pia, maana mwanamke asiye na mtoto mgongoni hujaza debe upesi zaidi. Huko Geneva, mwaka 1952, Shirika la Kazi liliutengeneza upya mkataba wake, likalitaja sasa shamba na kazi za nyumbani, na likaweka sharti kali: mwajiri asibebeshwe peke yake gharama ya mzazi hata mara moja. Sababu yake si ngumu kuielewa. Ukimwambia tajiri mmoja kwamba kila mwanamke atakayemwajiri aweza kumgharimu mishahara ya miezi kadhaa bila kazi, utamfundisha kuwaajiri wanaume.

Kenya ilipata Uhuru mwaka 1963, na mwaka 1976 Bunge likatunga Sheria ya Ajira. Ndipo kwa mara ya kwanza mwanamke aliyeajiriwa alipoandikiwa katika sheria ya nchi likizo ya uzazi ya miezi 2 kwa mshahara kamili. Lilikuwa jambo kubwa, na wanawake wa maofisini, shuleni, hospitalini na viwandani walilipokea kwa furaha. Lakini soma mstari uliofuata: mwanamke aliyechukua miezi hiyo aliipoteza likizo yake ya mwaka. Kwa maneno mengine, sheria ilimpa kwa mkono wa kulia ikamnyang'anya kidogo kwa mkono wa kushoto. Mume wake, aliyepata mtoto yuleyule mwaka uleule, alibaki na likizo yake nzima akapumzika. Nadhani aliyeuandika mstari ule aliamini kwamba kujifungua ni namna ya mapumziko. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wabunge wa 1976 walikuwa karibu wote wanaume.

Mstari huo ulidumu zaidi ya miaka 30. Ulifutwa na Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutumika mwezi Juni 2008. Sheria hii imempa mama miezi 3 kwa mshahara kamili, imesema wazi kuwa hatapoteza likizo yake ya mwaka, na imempa haki ya kurudi katika kazi yake au nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyo duni kuliko ya kwanza. Baba amepewa wiki 2. Masharti ya mama ni machache: amwandikie mwajiri wake barua angalau siku 7 kabla ya kuondoka, ataje tarehe, na akitakiwa atoe cheti cha daktari au mkunga. Sheria haikugawa siku za kabla na za baada ya kujifungua, kama walivyofanya watu wa Washington. Kwa hiyo wanawake wengi hufanya kazi mpaka tumbo linapokaribia kabisa, ili miezi yote 3 wamwekee mtoto. Ukimwona mwalimu wako akiandika ubaoni huku mkono mmoja ameuweka kiunoni, yawezekana anapiga hesabu hiyo. Nasi walimu wa Tume ya Kuwaajiri Walimu tumeongezewa kidogo: mapatano ya vyama vyetu na Tume ya mwaka 2021 yalizipandisha siku za mama kutoka 90 hadi 120, na za baba kutoka 14 hadi 21.

Sasa rudi kwenye swali la mfuko. Sheria ya 1976 na ya 2007 zote zilijibu namna moja: alipe mwajiri. Lile sharti la 1952 halikufuatwa, na lililohofiwa na watu wa Geneva limeonekana. Katiba ya 2010, ibara ya 27, imekataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, na haikukatazwa bila sababu. Mwaka 2013 Mahakama ya Viwanda ya Nairobi iliamua kesi ya mwanamke mfanyakazi wa benki, ikaona kwamba ujauzito ndio uliokuwa chanzo cha kuachishwa kwake kazi, na ikaamuru alipwe fidia. Huyo alikuwa na elimu, na wakili, na barua zote za kazi yake. Wangapi hawana!

Ile nusu saa nayo imefika. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewataka waajiri waweke vyumba vya kunyonyeshea, vyenye maji ya kunawa, viti vya kukalia na jokofu la kuhifadhia maziwa, na wampe mama nafasi ya kunyonyesha isiyozidi saa 1 katika saa 8 za kazi. Nusu saa mara mbili ni saa moja. Ilichukua miaka 98 kutoka Washington hadi Nairobi. Na hata ilipofika haikukaribishwa kila mahali: tarehe 7 Agosti 2019 Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia katika Bunge la Taifa akiwa amembeba mwanawe wa miezi mitano, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na mtu wa kumwachia. Aliamriwa atoke nje. Wengine walimlaumu kwa kuvunja kanuni za Bunge, na kanuni kweli ziliwakataza wageni. Ila nashindwa kumwona mtoto wa miezi mitano kuwa mgeni wa namna ile waliyoidhania waandishi wa kanuni.

Majirani zetu wamejibu kila mmoja kwa njia yake. Tanzania, kwa sheria ya 2004, hutoa siku 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Uganda, kwa sheria ya 2006, hutoa siku 60 za kazi. Rwanda ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa kuwa iligusa mfuko wenyewe. Huko mama alikuwa akilipwa mshahara kamili kwa wiki 6, na akitaka kubaki nyumbani wiki 6 nyingine alipata asilimia 20 tu. Mwaka 2016 sheria ikaanzisha bima ya uzazi: kila mwajiriwa, mwanamume kwa mwanamke, hutoa asilimia 0.3 ya mshahara, na mwajiri wake hutoa kiasi hicho hicho. Mzee wa miaka 55 asiyetarajia mtoto tena huchangia kama msichana aliyeolewa jana, kama vile majirani wa zamani walivyochota maji ya mzazi ambaye si ndugu yao.

Tumrudie basi mwanamke wa Kitisuru, yule atembeaye asubuhi. Sheria ya 2007 haikumwacha nje. Mfanyakazi wa nyumbani ana miezi 3 kama meneja wa benki, na chama chake, KUDHEIHA, kimekuwa kikiyasema hayo miaka mingi. Lakini mwajiri wake ni nani? Mara nyingi ni mama mwingine, naye mwajiriwa, ambaye likizo yake mwenyewe ililipwa na kampuni yenye watu mamia. Yaya akishika mimba, mama huyo atakiwa alipe kutoka katika mshahara wake mmoja yaya aliyekwenda kujifungua na yaya wa kushika nafasi yake. Wapo walipao, na wanastahili heshima. Wengi humpa nauli na mshahara wa mwezi, wakamtakia heri, wakatafuta mwingine. Barua ya siku 7 haiandikwi, kwa sababu mkataba wenyewe haukuandikwa.

Baada ya majuma machache yaya huyo hutafuta nyumba nyingine ya kulea mtoto. Wake humwacha kwa jirani wa Kangemi anayetoza kwa siku, au humpeleka kijijini kwa mama yake. Na huko bibi humlea kwa unga na mafuta yanayonunuliwa kwa fedha anazotumiwa mwisho wa mwezi.