Bombo zilikuwa mu depo, ordinatere haikuziona: Hershey, 1999

Wandugu, sisi vijana tuliomaliza masomo tunapenda sana kusema maneno haya: "Tukishapata programu nzuri, kazi itapangika." Anayefungua duka anasema hivyo, anayesimamia koperative anasema hivyo, hata wakubwa wa mu biro wanasema hivyo. Leo nataka tuangalie sosiete moja kubwa iliyokuwa na pesa, wahandisi na programu ya bei kali, na bado ikashindwa kutuma bombo kwa wateja wake. Mimi ni mutu wa agronomia. Nilifika kwenye historia hii kwa njia ya kakao, lakini naona ni historia ya kila mutu mwenye depo, buku na mteja anayengoja.

Sosiete hiyo ni Hershey, ya Pennsylvania, Marekani. Milton Hershey alijenga kiwanda chake cha shokola katikati ya mashamba ya ng'ombe wa maziwa, kikaanza kazi mwaka 1905, na mji uliokua kando yake ukachukua jina lake. Miaka ya 1990 haikuwa tena kiwanda kimoja. Kulikuwa na vingine Virginia, California, hata Kanada. Mwaka 1996 Hershey ikanunua pia kazi za Leaf za Amerika ya Kaskazini, na bombo za Jolly Rancher zikaingia mu nyumba. Viwanda vingi, depo nyingi, na programu za zamani zilizotengenezwa moja moja, kila moja kwa kazi yake.

Sasa, shida ya kuwa na programu nyingi ni gani? Ni kwamba hazisikilizani. Mwenye kupokea komande anaandika kwake, mwenye depo kwake, mwenye fakitire kwake. Tena kulikuwa na jambo la mwaka 2000: programu nyingi za wakati ule ziliandika mwaka kwa tarakimu 2 tu, na watu waliogopa kwamba "00" itasomwa kama 1900. Sosiete nyingi za dunia zikasema: kuliko kushona nguo iliyochakaa, tununue mupya.

Ndivyo Hershey ilivyofanya mwishoni mwa 1996. Ilichagua vitu 3. Cha kwanza ni SAP R/3, mfumo kutoka Ujerumani, wa sosiete iliyoanzishwa mwaka 1972 na wahandisi 5 waliotoka IBM. Kazi yake ni kuweka komande, stoki, kiwanda na fakitire katika hesabu moja ambayo kila mutu anaisoma sawa. Cha pili ni programu ya Manugistics, ya kupanga utengenezaji na usafirishaji. Cha tatu ni ya Siebel, ya kufuata wateja na mauzo. Vyote kwa pamoja vilifika karibu dola milioni 112.

Wenye ujuzi wa kazi hiyo walishauri miezi 48. Hershey ikataka miezi 30, juu ya mwaka 2000 uliokuwa unakuja. Vipande vya kwanza viliingia Januari 1999. Vipande vizito, yaani komande na fakitire, vilitakiwa kuingia Aprili. Vikachelewa. Vikaingia Julai, na programu zile nyingine mbili zikawashwa wakati uleule.

Ndugu msomaji, sisi wa kilimo tunajua kwamba mwezi una maana. Huwezi kubadilisha mbegu katikati ya mvua. Kwa Hershey, Julai ni mwezi ambao maduka yanaanza kuomba bombo za Halloween, sikukuu ya tarehe 31 Oktoba ambapo watoto wa Marekani wanapita nyumba kwa nyumba kuomba bombo. Nyuma yake inakuja Noeli. Kama Aprili ilikuwa na nafasi ya kukosea na kusahihisha, Julai haikuwa nayo.

Kukatokea nini? Komande ziliingia, lakini hazikufika depo jinsi ilivyotakiwa. Kati ya sababu zilizoandikwa na magazeti ya wakati ule, iko moja inayonigusa sana. Katika majira ya kazi nyingi, Hershey ilikuwa na tabia ya kuweka mali popote penye nafasi: chumba kisichotumika mu kiwanda, ghala la kukodi la muda. Wafanyakazi wa zamani walijua. Mutu akiuliza, mwenzake anajibu: "Ziko kule nyuma." Lakini mfumo mupya haukuwa umeelezwa juu ya "kule nyuma". Kwa ordinatere, mahali pasipoandikwa hapapo. Basi bombo zilikuwepo, komande ilikuwepo, mteja alikuwepo, na ordinatere ikajibu kwamba hakuna kitu.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Hershey inatuongezea upande wa pili: mali bila daftari inaweza kujaa tele, na bado mteja akarudi mikono mitupu.

Hili nililiona kwa macho yangu, kwa kipimo kidogo. Wakati wa staji nilikuwa kwenye depo moja ya kununua kakao, huku kwetu upande wa Beni. Magazinye alikuwa muzee mwenye akili sana. Alijua kila fuko: hii ya mulimaji fulani, ile haijakauka vizuri, zile 20 ziko kwa jirani juu mvua iliingia upande huu. Siku alipougua, lori likafika, na hakuna aliyeweza kupakia. Tulikuwa na ordinatere mezani, na orodha safi kabisa. Lakini orodha ilieleza depo jinsi ilivyopaswa kuwa, haikueleza depo jinsi ilivyokuwa. Ile elimu ya kweli ililala hospitali pamoja na muzee.

Turudi Pennsylvania. Septemba 1999 wakubwa wa Hershey walilazimika kutangaza kwamba kuna shida. Hisa za sosiete zilianguka zaidi ya asilimia 8 kwa siku moja. Komande za karibu dola milioni 100 hazikutumwa kwa wakati. Katika miezi 3 ya Julai hadi Septemba, mauzo yalishuka kwa karibu asilimia 12 na faida kwa karibu asilimia 19. Tena hii ndiyo inauma: shokola ilikuwa inaendelea kutengenezwa. Mashine hazikusimama, kakao haikukosekana. Nafasi iliyobaki wazi mu maduka ilijazwa na washindani.

Watu wengi wanaishia hapo, wanasema: "Unaona, programu ni mbaya." Lakini historia haikuishia hapo. Mwaka 2001 Hershey, ikiwa na mukurugenzi mukuu mupya, Richard Lenny, ilianza kupandisha mfumo uleule wa SAP kufika toleo jipya. Kazi ikaisha Mei 2002, na pesa iliyotumika ilikuwa pungufu ya bajeti kwa asilimia 20. Ni sosiete ileile na programu ya jina lilelile. Kilichobadilika ni namna ya kufanya. Safari hii walijaribu sana mbele ya kuwasha, wakubwa wakafuata kazi kwa karibu, na mwezi wa kumaliza haukuwa katikati ya majira ya komande.

Kwa hiyo, mimi sikubali kwamba ordinatere ndiyo ilishindwa mwaka 1999. Naona walioachwa nje ni watu wa depo. Kuunganisha mifumo ya viwanda vingi si kazi ya nyaya peke yake. Ni kazi ya kwenda kwa kila magazinye, kila shofa, kila mutu wa fakitire, na kuuliza: kwa kweli unafanya namna gani? Si vile karatasi inasema, ila vile mukono wako unafanya saa kumi na mbili asubuhi. Kazi hiyo inakula muda, na ndiyo ya kwanza kukatwa pale tarehe inapokaribia.

Tunaanza sasa kuona sosiete na koperative za huku zikinunua programu za kufuata kakao na kahawa toka shamba hadi bandari. Vijana wenye lisanse ndio tutaitwa kuzijaza. Ukiitwa, usikae mbele ya skrini tu. Omba kuhesabu mafuko wewe mwenyewe, pamoja na magazinye, hata yale ya kwa jirani. Na mukubwa akisema tuwashe kila kitu katikati ya mavuno, mwambie kwa heshima ya Julai 1999. Pengine atakasirika siku hiyo. Ila lori likifika, litapakia.