Usiulize nani, uliza lini

Leo siasa tuzipe likizo.

Mwaka wangu wa kwanza katika chumba cha habari, taarifa yangu ilitoka gazetini shilingi milioni 12 zikiwa zimegeuka bilioni 12. Asubuhi kikao kizima kilikuwa na swali moja tu: nani? Mimi nikamnyooshea kidole msahihishaji, mama mtu mzima aliyebakiza miaka miwili astaafu. Naye akamnyooshea mpanga kurasa. Saa mbili zikapita hivyo, na mhariri akaanza kutaja barua ya onyo.

Fundi wetu wa kompyuta akaomba nakala zote zilizohifadhiwa usiku ule. Zilikuwa 16. Akafungua ya 8: milioni. Ya 12: bilioni. Ya 10: milioni. Ya 11: bilioni. Basi, kosa liliingia kwenye nakala ya 11. Dakika tano hazikufika.

Nilimuuliza kajifunzia wapi. Jibu lake lilinipeleka mbali.

Kampuni ya Cray Research ya Marekani, iliyoanzishwa na Seymour Cray mwaka 1972, ilitengeneza kompyuta kubwa za kutabiri hali ya hewa na za hesabu nzito za sayansi. Kompyuta hizo zilihitaji kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunga programu kuwa amri ambazo mashine inazielewa. Kompaila ni mkalimani. Mkalimani akikosea, anayelaumiwa ni mwenye maneno.

Kompaila hizo zilifanyiwa marekebisho na watu wengi. Toleo jipya lilipofeli jaribio ambalo la zamani lilifaulu, halikuidhinishwa, na kazi za wote zilizomo zikakwama pamoja nalo. Ndipo Brian Ness na Viet Ngo wa Cray wakaeleza njia yao katika andiko la mwaka 1997: kabla ya kutibu kosa, tafuta badiliko lililolileta. Gawa mabadiliko katikati, jaribu, tupa nusu isiyohusika, gawa tena. Mabadiliko 1,000 yanahitaji majaribio 10 hivi. Badiliko likipatikana, linatolewa, toleo linaendelea na safari, na mwenyewe anakwenda kulitengeneza taratibu.

Hawakuwa peke yao. Mwaka 1996 Larry McVoy alikwisha kuwaandikia watu wa Linux mwongozo wa kusaka kosa kwa kukata matoleo katikati. Mwaka 2005 Git, programu ya kutunza mabadiliko iliyoanzishwa na Linus Torvalds, ikapata amri ya kufanya kazi hiyo, na leo watengenezaji wa kompaila huitumia kama mkulima anavyotumia jembe.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha Mjerumani Andreas Zeller, mwaka 1999. GDB, programu ya kuchunguza makosa ya programu nyingine, ilipotoka toleo 4.16 kwenda 4.17, programu iliyoitegemea iliharibika. Kati ya matoleo hayo mistari 178,000 ilikuwa imebadilishwa. Zeller akaiachia kompyuta ikate na kujaribu yenyewe mpaka ukabaki mstari mmoja: maneno ya maelezo kwa mtumiaji, yaliyoandikwa upya kidogo. Ile programu nyingine ilikuwa ikiyasoma maneno yale kama yalivyokuwa zamani.

Sasa mkosaji nani hapo? Aliyeandika upya maelezo hakufanya dhambi yoyote. Swali la "nani" lingemsulubu mtu bure. Swali la "lini" lilionyesha mahali pa kuweka kiraka.

Turudi gazetini. Nakala ya 11 ilihifadhiwa saa tatu na dakika kumi usiku, kutoka meza yangu. Nilirudi kurekebisha aya ya mwisho, nikapitia na kichwa cha habari, na mkono ukateleza. Mimi mwenyewe, niliyekuwa wa kwanza kunyoosha kidole.

Nilikwenda kumwomba radhi yule mama. Akacheka, akasema, "Mwanangu, kalamu haina macho." Barua ya onyo haikuandikwa. Tangu siku hiyo nahifadhi kila nakala, na kidole nakiweka mfukoni.

Tukijaliwa, tuonane wiki ijayo.