Majina ya Vyakula vya Wajerumani wa Urusi

Historia ya watu waliohama haihifadhiwi katika hati za serikali peke yake. Huhifadhiwa pia katika chungu, na zaidi katika majina ya vipikwavyo. Ushahidi wa jambo hili waonekana kwa Wajerumani wa Urusi.

Katika mwaka wa 1763 Malkia Catherine wa Pili aliwaita wageni waje kulima nchi yake, akawaahidi uhuru wa dini na kwamba hawatatiwa jeshini. Wajerumani wengi waliitika, wakakaa kando ya mto Volga. Tangu mwanzo wa karne ya 19 wengine, wengi wao kutoka kusini-magharibi ya Ujerumani, walikaa kaskazini ya Bahari Nyeusi, katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Vijijini mwao walishika lugha na dini yao. Walakini jikoni majirani waliingia.

Na tutazame maneno matatu. La kwanza, knoephla, ni vidonge vya unga vitiwavyo katika mchuzi. Asili yake ni Kijerumani cha kusini, maana yake vifungo vidogo. Jina na chakula vyote ni vyao. La pili, halupsy, ni majani ya kabichi yaliyofungiwa nyama na mchele. Jina na chakula vyote vilitwaliwa kwa Waslavu. La tatu, fleischkuekle, lastahili kufikiriwa zaidi. Kusini mwa Ujerumani ni donge la nyama ya kusaga lililokaangwa, lisilofunikwa kwa unga. Kwa Wajerumani wa Bahari Nyeusi ni andazi jembamba la mfano wa nusu mwezi, lililotiwa nyama na kukaangwa kama sambusa, sawa na chebureki ya Watatari wa Crimea. Jina ni la kwao, chakula ni cha jirani.

Ahadi za Malkia ziliondolewa mwaka wa 1871, na mwaka wa 1874 vijana wao wakapaswa kuingia jeshini. Maelfu walihamia Marekani, Kanada na Argentina. Waliobaki kando ya Volga walihamishwa kwa nguvu mwaka wa 1941, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan.

Leo katika Dakota Kaskazini wengi wa wajukuu wa wahamiaji hao hawasemi tena Kijerumani, lakini fleischkuekle wanaijua. Basi mtafiti wa lugha asidharau maneno ya jikoni. Hili moja lina safari nzima ndani yake: Ujerumani lilikozaliwa, Bahari Nyeusi lilikobadilika maana, na Marekani linakoishi baada ya lugha yake kunyamaza.