Filamu za "tumeandikiwa" na yule anayeachwa

Kuna filamu za mapenzi na kicheko ambazo mhusika wake mkubwa ni kudra. Mwanamume na mwanamke hawajuani, au wamekutana mara moja wakapoteana, kisha mambo yanajipanga mpaka wakutane. Nakiri nazipenda. Lakini siku hizi nikizitazama jicho langu humfuata mtu mwengine kabisa: mchumba aliyekuwapo tayari.

Chukua Serendipity ya 2001, iliyoongozwa na Peter Chelsom. Jonathan (John Cusack) na Sara (Kate Beckinsale) wanashika glavu zile zile kwa pamoja dukani New York, msimu wa Krismasi. Sara ni mtu wa ishara, hivyo nambari ya simu hatoi. Anamtaka Jonathan aandike yake kwenye noti ya dola 5, inatumiwa papo hapo. Naye anasema ataandika yake ndani ya riwaya ya Gabriel García Márquez, kisha aiuze kwa wauza vitabu vikuukuu. Vikirudi, wameandikiwa. Wanajaribu hata lifti za hoteli, kila mmoja ya kwake. Wote wanachagua ghorofa ya 23, ila mtoto mtundu anabonyeza vidude vyote kwenye lifti ya Jonathan, na Sara anaondoka.

Miaka inapita. Jonathan amekaribia kumuoa Halley, lakini kila duka analopita anafunua riwaya ile kutafuta jina. Halley ameliona hilo. Karibu na harusi anamnunulia nakala moja iwe zawadi yake, na ndani yake mna jina la Sara. Maskini, amenunua talaka yake mwenyewe kabla ya ndoa! Harusi inavunjwa, na hatuonyeshwi hata anavyorudi nyumbani kwao. Mchumba wa Sara naye anaachwa vivyo hivyo.

Katika Sleepless in Seattle ya Nora Ephron (1993), Annie (Meg Ryan) ana mchumba, Walter. Anamsikia mjane Sam (Tom Hanks) redioni, wanakuja kukutana juu ya jengo la Empire State, na Walter anaachwa mezani siku hiyo hiyo. Tukiita kudra, tukumbuke aliyepiga simu redioni ni mtoto wa Sam, na barua ya Annie ilitiwa posta na rafiki yake. Only You ya Norman Jewison (1994) ndiyo kali. Faith (Marisa Tomei) anamwacha mchumba siku chache kabla ya harusi, anakimbilia Italia kumtafuta mwanamume ambaye jina lake alilipata utotoni kwenye ubao wa ramli. Baadaye kaka yake anaungama: jina lile alilibuni yeye.

Sisi Waislamu kudra tunaiamini, na hakuna anayeoa nje ya alichoandikiwa. Lakini tunaijua baada ya jambo kutokea. Kabla yake tuna istikhara, tuna kuuliza watu, tuna ahadi. Hizi filamu zinaigeuza: kudra inakuwa ruhusa ya kuvunja neno.

Nalisema hili kwa sababu limeingia nyumbani kwetu. Binti wa dada yangu aliposwa, barua ikajibiwa, siku ikawekwa. Wiki tatu kabla ya nikaha mshenga akarudi peke yake, hataki hata chai. Kijana amekutana na mwengine safarini.

"Ndiyo kudra, mzee wangu," akaniambia.

"Na mlipokuja kuposa," nikamuuliza, "haikuwa kudra?"

Akatazama viatu vyake mlangoni.

Nguo ya nikaha ilikuwa bado kwa fundi. Ilikaa huko karibu mwaka. Siku binti alipokwenda kuichukua nilimsindikiza. Fundi alikataa pesa, yeye akazihesabu zote juu ya cherehani, akaikunja nguo, tukarudi kwa miguu.