Gad Beck na Manfred Lewin: Urafiki na Mapenzi ya Ujana katika Berlin ya Wanazi

Mwaka 1941 Manfred Lewin, kijana wa Kiyahudi wa Berlin, alimtengenezea Gad Beck kijitabu kidogo, akakiandika na kukipamba kwa michoro ya mkono wake. Karibu kila ukurasa unamkumbusha mwenzake jambo walilolipitia pamoja: mikutano ya kikundi chao cha vijana, marafiki, mazoezi ya kuigiza Don Carlos, tamthilia ya Schiller. Katikati ya kumbukumbu hizo za kundi zima imo mistari inayomwelekea Gad peke yake, na hiyo ni ya kimapenzi waziwazi. Kijitabu hicho, ambacho leo kimo katika Makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi mjini Washington, kinapingana na mazoea ya kusimulia mapenzi ya vijana wa jinsia moja kama kisa cha wawili waliojitenga na wenzao. Hapa mapenzi yalizaliwa ndani ya urafiki wa wengi, na bila urafiki huo huenda yasingepata hata pa kukutania.

Gad alizaliwa Berlin tarehe 30 Juni 1923, pacha wa Miriam. Baba yao alikuwa Myahudi kutoka Vienna. Mama yao alizaliwa Mprotestanti, kisha akaingia dini ya mumewe. Sheria za Nuremberg za 1935 zilimhesabu kijana wa nyumba kama hiyo kuwa Myahudi, na kuanzia Novemba 1938 watoto wa Kiyahudi walifukuzwa katika shule zote za serikali. Sinema, mabwawa ya kuogelea na bustani vikafungwa kwao kimoja baada ya kingine. Kilichobaki ni vikundi vya vijana wa Kizayuni, ambavyo kwa muda viliruhusiwa kwa kuwa viliwatayarisha wanachama wao kuhama Ujerumani. Humo vijana walijifunza Kiebrania, waliimba, waliigiza na kubishana. Wazazi wengi walikuwa wamelemewa na hofu na ukata, kwa hiyo kikundi kikawa ndugu, shule na uwanja wa michezo kwa pamoja. Wavulana wawili kuwa pamoja muda wote halikuwa jambo la kumshangaza mtu.

Kinga hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai, cha tangu 1871, kiliharamisha uhusiano wa kimwili kati ya wanaume, nao Wanazi walikikaza mwaka 1935. Wanaume wapatao 100,000 walikamatwa chini yake katika utawala wao, na takriban nusu yao wakatiwa hatiani. Hata hivyo, kilichowatenganisha Gad na Manfred hakikuwa Kifungu cha 175. Treni za kuwahamisha Wayahudi wa Berlin zilianza kuondoka Oktoba 1941, na mwaka uliofuata zamu ikaifikia familia ya Lewin.

Kisa cha jaribio la kumwokoa Manfred kinajulikana zaidi kuliko kingine chochote katika maisha ya Gad. Aliazima sare ya Vijana wa Hitler, iliyompwaya mno, akaenda hadi kituo walikokusanywa Wayahudi. Alimwambia ofisa kwamba mfungwa yule anahitajika kwa kazi ya ujenzi, kisha atarudishwa. Ofisa akakubali, nao wakatoka hadi barabarani. Hapo Manfred alikataa kuendelea: hangeweza kujihesabu huru akiiacha familia yake ndani. Akageuka, akarudi. Familia nzima iliuawa Auschwitz.

Wasimulizi wengi hukitukuza kisa hiki kwa ujasiri wa aliyevaa sare. Uamuzi wa Manfred ndio mzito zaidi. Hakupimishwa mapenzi na woga. Alipimishwa mapenzi na wazazi na ndugu zake, na dola ilikuwa imehakikisha kwamba hawezi kuvipata vyote viwili. Kumsoma kama mpenzi aliyeshindwa kuthubutu ni kumnyima nafasi yake ya mwana na kaka.

Kundi la marafiki lilidumu kwa sura nyingine. Februari 1943, msako mkubwa wa Wayahudi waliosalia Berlin ulipoanza, Jizchak Schwersenz na Edith Wolff waliunda Chug Chaluzi, kikundi cha siri cha vijana waliojificha. Schwersenz alipotorokea Uswisi mwaka 1944, Gad alishika uongozi: kutafuta maficho, chakula na fedha. Alikamatwa mapema 1945, akanusurika kwa kuanguka kwa Berlin. Baadaye aliishi Israel, akarudi Berlin, na kufariki mwaka 2012.

Ushahidi wa haya yote hauna uzito sawa. Kijitabu ni cha wakati ule ule. Tawasifu ya Gad ilitoka 1995, zaidi ya nusu karne baada ya matukio, nayo ni ya msimulizi hodari aliyependa kuchekesha. Mazungumzo yake ya neno kwa neno yanahitaji tahadhari, ingawa kijitabu kinauthibitisha uhusiano wenyewe. Majalada ya kesi za Kifungu cha 175 hayasaidii hapa, kwa maana wote wawili waliandamwa kwa Uyahudi wao. Anayehesabu mashoga walioteswa na Wanazi kwa kutegemea majalada hayo tu atawakosa Gad na Manfred, na pamoja nao kila kijana aliyeuawa kwa kosa jingine kabla mapenzi yake hayajaitwa kosa.